Risiva Raundi ya Kwanza? Jenga Ukuta Kwanza

Kila Aprili, saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa saa zetu, mashabiki wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, walio Nakuru, Kisumu na Kakamega hukesha na simu mkononi wakifuatilia drafti, zoezi la timu kuchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni. Timu ikimchukua risiva, vikundi vya WhatsApp hulipuka kwa shangwe. Ikichukua pande la mtu la kilo 140 ambalo kazi yake ni kuzuia, kimya hutanda, kisha mmoja huuliza, "Huyu naye ni nani?" Nimemwandikia huyo anayeuliza. Naamini kwa dhati kwamba timu nyingi huwapotezea marisiva wao miaka yao bora kwa kuwachukua kabla timu yenyewe haijawa tayari kuwatumia.

Sisemi risiva hana thamani. Ninachopinga ni mpangilio.

Kwa wanaotoka kwenye raga, na huku kwetu hao ndio wengi: risiva ni yule anayesimama pembeni, kisha hukimbia mbele kudaka mpira unaorushwa na kwotabeki. Kati ya kwotabeki na wale wanaotaka kumwangusha husimama wanaume watano ambao hapa nitawaita ukuta. Katika Dala Sevens au Prinsloo Sevens, winga mwenye kasi anaweza kuamua mechi peke yake, maana uwanja ni mpana na watu ni saba tu. Mpeleke winga huyohuyo kwenye raga ya wachezaji 15, na propu wake wawe wanasukumwa nyuma kila skramu: atamaliza dakika 80 jezi yake ikiwa safi. NFL ni kama skramu inayorudiwa kila baada ya sekunde 40.

Drafti ina raundi 7. Timu ni 32, iliyoshika mkia msimu uliopita huchagua kwanza na bingwa huchagua wa mwisho. Mshahara wa mchezaji mpya hutegemea nambari aliyochukuliwa nayo, wala si nafasi anayocheza. Nambari 5 ni nambari 5, awe risiva au mtu wa ukuta. Mkataba ni wa miaka 4, na kwa wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Hiyo miaka ndiyo kiini cha hoja yangu.

Mfano unaotajwa zaidi ni Detroit Lions. Mwaka 2003 walimchukua Charles Rogers nambari 2. Mwaka 2004 wakamchukua Roy Williams nambari 7, na 2005 Mike Williams nambari 10. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Calvin Johnson, nambari 2. Marisiva wanne katika drafti tano, wote ndani ya kumi bora. Rogers alivunjika mtulinga mara mbili katika misimu yake miwili ya kwanza. Mike Williams alikuwa amekaa mwaka mzima bila kucheza kabla ya kuchaguliwa, na Detroit hawakuona faida yake. Aliyeitwa mara tu baada yake, nambari 11, alikuwa DeMarcus Ware, mvamizi wa makwotabeki ambaye leo yuko katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Wengi huishia hapo na kusema Lions walikosea watu. Mimi naona Johnson anathibitisha jambo kubwa zaidi, kwa sababu yeye alikuwa chaguo sahihi kabisa. Mwaka 2008 alidaka mipira 78, akapata yadi 1,331 na tachidauni 12 (tachidauni ni kama trai ya raga). Mwaka huohuo Lions walicheza mechi 16 na kupoteza zote 16. Mwaka 2012 aliweka rekodi ya yadi 1,964 katika msimu mmoja, na timu ikashinda mechi 4. Alistaafu baada ya msimu wa 2015 bila kushinda hata mechi moja ya mchujo. Walimpata risiva wa kizazi, wakakosa kila kitu cha kumzunguka.

Sasa watazame Lions hawahawa walivyojengwa upya. Taylor Decker wa ukuta, nambari 16 mwaka 2016. Frank Ragnow wa ukuta, nambari 20 mwaka 2018. Penei Sewell wa ukuta, nambari 7 mwaka 2021. Amon-Ra St. Brown, risiva, alipatikana raundi ya nne mwaka huo wa 2021, nambari 112. Ukuta ulipokuwa umesimama ndipo 2022 walipopanda kutoka nambari 32 hadi 12 wakamchukua Jameson Williams, risiva wa mbio aliyekuwa bado anauguza kano ya goti. Waliweza kumsubiri apone kwa sababu timu haikumhitaji ili isimame. Januari 2024 walikuwa mechi moja tu kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi, na msimu wa 2024 walishinda mechi 15 kati ya 17.

Anayetaka ushahidi ulio wazi zaidi awaangalie Kansas City Chiefs, maana kwao kocha ni yuleyule na kwotabeki ni yuleyule, kinachobadilika ni ukuta na marisiva. Februari 2021 waliingia fainali wakiwa na Tyreek Hill, mmoja wa marisiva wenye kasi ya kutisha zaidi kuwahi kuonekana. Watu wao wawili wa pembeni mwa ukuta, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi. Kwotabeki Patrick Mahomes alikimbizwa usiku kucha, wakapigwa 31–9 bila kufunga tachidauni. Msimu wa mapumziko uliofuata waliununua na kuuchagua ukuta karibu wote: Joe Thuney kwa pesa, Orlando Brown kwa kubadilishana, Creed Humphrey nambari 63 na Trey Smith nambari 226 katika drafti. Machi 2022 wakamwachia Hill aende Miami kwa nafasi tano za drafti. Februari 2023 wakakutana fainali na Philadelphia Eagles, ulinzi uliokuwa umewaangusha makwotabeki mara 70 msimu huo. Usiku ule haukumwangusha Mahomes hata mara moja. Chiefs walishinda 38–35, na mwaka uliofuata wakabeba taji tena.

Kisha mizani ikarudi upande wa pili. Mwaka 2024 chaguo lao la kwanza lilikuwa Xavier Worthy, risiva aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21. Februari 2025, fainali nyingine dhidi ya Eagles. Thuney, ambaye kiasili hucheza ndani ya ukuta, alikuwa amesukumwa pembeni kuziba pengo. Mahomes aliangushwa mara 6. Worthy alimaliza na yadi 157 na tachidauni 2, lakini zote mbili alizifunga wakati matokeo yalikuwa yameshafika 34–0. Mwisho 40–22. Aprili iliyofuata, nambari 32, Chiefs walimchukua Josh Simmons, mtu wa pembeni mwa ukuta. Walikuwa wameshasoma.

Kuna sababu ya pili ya kuwa mwangalifu, nayo ni kwamba risiva ni mgumu kumpima akiwa bado chuoni. Mtazame kwa karibu. Yuko kwenye mstari wa kuanzia mchezo, na beki amesimama yadi moja mbele ya kifua chake. Sheria za NFL zinamruhusu beki kumgusa na kumsukuma ndani ya yadi 5 za kwanza. Kwotabeki akiupokea mpira anarudi hatua tatu au tano, na anarusha kabla risiva hajageuka, akilenga mahali ambapo risiva anatakiwa awepo. Risiva akicheleweshwa nusu sekunde pale mwanzoni, mpira unaanguka pasipo mtu, au unaanguka mikononi mwa adui. Kwa hiyo hatua yake ya kwanza isirudi nyuma hata kidogo. Mkono wake ukate kiganja cha beki kabla hakijamshika fulana. Bega lishuke. Akishapita, akimbie kana kwamba anaenda mbali, kisha afunge breki kwa hatua tatu bila kuinua kifua, maana kifua kikiinuka beki anajua anasimama. Hayo yote hayaonekani kwenye saa ya kupima mbio.

Halafu kuna mambo madogo ya uwanja. Chuoni, kudaka ukiwa na mguu mmoja ndani ya mstari wa pembeni kunatosha. NFL inataka miguu miwili. Alama mbili za katikati ya uwanja wa chuo, ambako mpira huanzia, zimeachana kwa futi 40, za NFL ni futi 18 na inchi 6, yaani mpira wa chuo ukianzia upande mmoja, upande wa pili unabaki na eneo pana sana la kukimbilia. Kijana aliyekuwa akipata yadi zake kwenye eneo lile pana anafika NFL na kulikuta limefungwa. Ukiangalia video zake, tafuta mara ngapi alipewa beki wa karibu kabisa, na alifanya nini. Ukikuta mabeki walimwachia yadi 7 kila mara, bado hujaona kitu.

John Ross alikimbia yadi 40, ambazo ni mita 36.6, kwa sekunde 4.22 mwaka 2017. Cincinnati Bengals wakamchukua nambari 9. Msimu wake wa kwanza hakudaka mpira hata mmoja. Corey Davis alikuwa ameenda nambari 5 na Mike Williams mwingine, asiye yule wa Detroit, nambari 7. Katika drafti hiyohiyo, nambari 69, Los Angeles Rams walimchukua Cooper Kupp aliyetumia sekunde 4.62 kwa umbali uleule. Kwa saa ya kupima mbio, ni mtu wa kawaida. Kwa miguu ya kwenye mstari, bingwa. Msimu wa 2021 alidaka mipira 145, yadi 1,947, tachidauni 16, na Februari 2022 akafunga tachidauni ya ushindi ya Super Bowl. Aliwafunga Bengals haohao.

Na hapo ndipo penye mjadala mkali kuliko yote. Mwaka 2021 Bengals walikuwa na nambari 5. Kwotabeki wao, Joe Burrow, alikuwa amechanika kano ya goti mwaka uliotangulia. Walitakiwa kuchagua kati ya Ja'Marr Chase, risiva, na Penei Sewell, mtu wa ukuta. Wakamchukua Chase. Akawapa yadi 1,455 na tachidauni 13 katika msimu wake wa kwanza, wakafika fainali. Mashabiki wa Chase hukuambia hilo linamaliza ubishi.

Halimalizi. Burrow aliangushwa mara 51 msimu huo, na mara nyingine 19 katika mechi nne za mchujo, 9 kati ya hizo dhidi ya Tennessee pekee. Fainali aliangushwa mara 7. Zikiwa zimebaki sekunde 43, Bengals wako nyuma 23–20, jaribio la nne na la mwisho, yadi moja tu inahitajika. Chase anamwacha beki Jalen Ramsey chini na kubaki peke yake akielekea mbele. Tachidauni ya ubingwa iko pale wazi. Lakini Aaron Donald wa Rams ameshaupasua ukuta, amemshika Burrow kiunoni, anamzungusha, na mpira unatoka mkononi bila mwelekeo. Mchezo ukaisha. Risiva alifanya kila alichochukuliwa kufanya, akashinda pambano lake, na mpira haukuweza kumfikia.

Sasa upande wa pili, maana hoja yao ni nzito na haifai kupuuzwa. Inahusu pesa. Justin Jefferson, risiva wa Minnesota Vikings, alitia saini mwaka 2024 kwa wastani wa dola milioni 35 kwa mwaka. Chase mwenyewe, Machi 2025, milioni 40.25. Kikomo cha mishahara cha timu nzima mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Kwa kuwa mshahara wa drafti hauangalii nafasi, kumpata risiva hodari kwa bei ya mchezaji mpya kunaokoa pesa nyingi kuliko kumpata mtu wa ndani ya ukuta kwa bei ileile. Tena marisiva wa siku hizi wanakuja wameiva. Ndiyo maana mwaka 2024 saba walichukuliwa raundi ya kwanza, watatu wao ndani ya nambari 9 za mwanzo.

Nakubali hesabu hiyo. Nakataa hitimisho lake. Kama risiva anakuja ameiva, na baada ya miaka mitatu au minne atadai bei ya soko, basi saa ya bei nafuu huanza kuhesabu siku anapotajwa jina. Malik Nabers alidaka mipira 109 katika msimu wake wa kwanza, 2024, na New York Giants wakashinda mechi 3 kati ya 17. Mwaka mmoja wa bei nafuu umeteketea. Mtu wa ukuta hana haraka hiyo: mara nyingi huchukua mwaka au miwili kukomaa, kisha hudumu miaka kumi. Ukipanda vyote viwili, anza na kinachochelewa kukomaa.

Bengals walilipa gharama hii kwa kuchelewa. Chase 2024 aliongoza ligi kwa mipira, 127, kwa yadi, 1,708, na kwa tachidauni, 17. Timu ilishindwa mechi nne ambazo ilifunga pointi 33 au zaidi, ikamaliza na ushindi 9 na vichapo 8, nje ya mchujo. Burrow, Chase na risiva mwenzake Tee Higgins kwa pamoja wana mikataba yenye wastani wa takriban dola milioni 124 kwa mwaka. Kinachobaki kinagawanywa kwa wengine wote.

Mahali pazuri pa kutafuta risiva, kwa maoni yangu, ni raundi ya pili na ya tatu. Mwaka 2019 marisiva wa raundi ya kwanza walikuwa Marquise Brown na N'Keal Harry. Raundi ya pili ilitoa Deebo Samuel nambari 36, A.J. Brown nambari 51 na DK Metcalf nambari 64. Vyuo vinazalisha wadakaji wengi kila mwaka, ila watu wa mita 1.95 na kilo 140 wenye miguu myepesi ni wachache, na huisha mapema. Usidanganyike na raundi za chini, hata hivyo. Puka Nacua alipatikana nambari 177 na kupata yadi 1,486 msimu wa kwanza, lakini wengi wa raundi hizo hukatwa mwishoni mwa Agosti vikosi vinapopunguzwa hadi watu 53. Na hata ukuta una bahati zake: Jordan Mailata wa Eagles alitoka kwenye raga ya Australia, akiwa hajawahi kucheza mchezo huu, akachukuliwa nambari 233. Wanaomkumbuka Daniel Adongo wetu, aliyetoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, wanajua njia hiyo ipo na jinsi ilivyo ngumu.

Kabla ya kuishangilia au kuilaani timu yako, ikague hivi. Hesabu nafasi tano za ukuta: ni wangapi wana mkataba wa misimu miwili mbele, wangapi wamepita miaka 30, wangapi walikosa zaidi ya mechi 4 msimu uliopita. Kwangu mimi, kama nafasi nne kati ya tano hazina uhakika, risiva wa raundi ya kwanza ni anasa. Angalia kwotabeki ameangushwa mara ngapi, lakini tenganisha zile alizokaa na mpira zaidi ya sekunde 3, maana hizo ni zake, si za ukuta. Tazama yuko mwaka wa ngapi wa mkataba. Akiwa mwaka wa pili na ukuta umesimama, mchukue risiva bila kusita. Eagles walifanya hivyo 2021 kwa DeVonta Smith, nambari 10, na 2022 wakampata A.J. Brown kwa kubadilishana, nyuma ya ukuta wa Lane Johnson, Jason Kelce na Mailata. Ukuta huo ulipotangulia, hata kumkosa Jefferson mwaka 2020, walipomchukua risiva Jalen Reagor nafasi moja kabla yake, hakukuwaangusha.

Kuna aina moja tu ya mchezo huu ambapo ushauri wangu wote unageuka. Ni flag, toleo la kunyofoa vitambaa kiunoni badala ya kuangushana, itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Ni watu watano kwa watano, uwanja wa yadi 50 kwa 25 bila kuhesabu maeneo ya kufungia, hakuna kuzuiana kwa mwili, na mvamizi huanza yadi 7 kutoka kwenye mstari. Hakuna ukuta wa kujenga. Mwalimu wa michezo anayetaka kuanzisha timu hiyo Kisumu au Nakuru achukue mawinga wa Sevens kwanza, wawili au watatu, kisha amtafute skramhafu mwenye pasi ndefu na kichwa kitulivu amfanye kwotabeki.